Matufaha ya Neuffen, Zabibu za Mosel

Reli ndogo itokayo Nürtingen huishia Neuffen. Haina pa kuendelea, kwa kuwa mbele yake umejiinua ukuta wa mawe ya chokaa wa Schwäbische Alb, na juu ya genge limekaa gofu la ngome ya Hohenneuffen. Chini ya ngome, kwenye mteremko unaopata jua, mizabibu imepangwa safu kwa safu. Kando yake, kuteremka hadi nyuma ya nyumba za watu, mitufaha mikubwa imetawanyika katikati ya majani marefu, kila mmoja na nafasi yake. Ukisimama njiani unaviona kwa pamoja vinywaji viwili vya mashambani vya Ujerumani vikiwa bado mtini.

Mgeni anayefika huku kwa kawaida huulizia mvinyo. Nami niliuulizia, na sikujuta. Lakini safari hii nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Tanga anayeishi Stuttgart, Mwislamu asiyegusa kileo. Tukakubaliana tangu mwanzo: kila tutakapokaa, yeye ataagiza juisi ya mahali hapo na mimi mvinyo wa mahali hapo, kisha tutalinganisha. Kutoka Neuffen hadi bonde la mto Mosel tulishika mpango huo, na kadiri tulivyosogea ndivyo nilivyozidi kuandika habari za glasi yake kuliko za glasi yangu. Juisi ya tufaha katika vijiji hivi ina kwao, ina aina zake, ina mwaka wake mzuri na mwaka wake mbaya, kama mvinyo. Ilichokosa ni ulinzi ambao mvinyo umeupata kwa karne nyingi.

Nianze na mti. Mtufaha wa mashamba ya kisasa ni mfupi, umefungwa kwenye waya, huzaa mapema na hung'olewa mapema. Ule wa Neuffen, na wa vijiji jirani kama Beuren na Owen, ni mti mrefu: tawi la kwanza huanza juu ya kichwa cha mtu mzima, ili chini yake kondoo walishwe au majani yakatwe kwa ajili ya ng'ombe. Mti huu hauna haraka. Hupita miaka kumi na zaidi kabla haujazaa sawasawa, na ukitunzwa huishi kuliko aliyeupanda. Wajerumani huyaita mashamba ya namna hii Streuobstwiesen. Mwaka 2021 yaliingizwa katika orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika, ile inayosimamiwa na Tume ya UNESCO ya nchi hiyo. Wachunguzi wa viumbe huhesabu ndani yake aina zipatazo 5,000 za wanyama, wadudu, mimea na uyoga. Bundi mdogo aitwaye Steinkauz hutaga kwenye matundu ya mitufaha mikongwe, na kigong'ota wa kijani hutembea chini yake akichokoa sisimizi.

Miti hiyo haikujiotea. Watawala wa Württemberg, nchi ya huku wakati huo, waliwaamuru raia wao kupanda miti ya matunda, hata kando ya barabara. Mwaka 1775 Mtawala Carl Eugen alimkabidhi afisa wake wa jeshi, Johann Caspar Schiller, kitalu cha miti kwenye kasri la Solitude karibu na Stuttgart. Huyu ndiye baba wa mshairi Friedrich Schiller. Dunia inamkumbuka mwana, lakini mzee naye aliandika kitabu kuhusu ukuzaji wa miti, kikatoka mwaka 1795, na kitalu chake kilisambaza maelfu ya miche. Baadaye, katika karne ya 19, magonjwa ya mizabibu yalipowachosha wakulima, wengi waliing'oa na kupanda mitufaha mahali pake. Kwa hiyo baadhi ya matufaha tunayoyanywa leo yametoka kwenye ardhi iliyowahi kutoa mvinyo.

Aina za matufaha haya zina majina ambayo wazee wa kijiji huyataja kama majina ya jirani zao: Brettacher, Bohnapfel, Gewürzluike, Jakob Fischer. Si yote yanayolika kwa raha. Bohnapfel ni tufaha dogo, gumu, linalokausha ulimi ukiling'ata mwezi Oktoba, na ndilo hasa wakamuaji wanalolitafuta. Jakob Fischer ni laini na tamu, huiva mapema na haliwekeki. Juisi nzuri huzaliwa pale yanapokutana. Ukikamua matufaha matamu ya dukani peke yake unapata maji ya sukari yenye harufu nzuri. Ukichanganya na haya makali, juisi inapata uchachu unaokuja baada ya utamu, kisha ukavu mdogo kwenye ufizi unaokufanya unyanyue glasi tena. Mwenzangu aliutambua ukavu huo siku ya kwanza kabisa. "Bwana, hii si juisi ya mtoto," aliniambia, akaiweka glasi mezani na kuitazama.

Mwezi Septemba ukiingia, kila eneo lina ua wake wa kukamulia. Watu hupanga foleni na trela za trekta, na magari madogo ya familia yaliyojaa magunia mpaka kiti cha nyuma. Wengine wameweka miadi ya saa. Matufaha humwagwa kwenye maji, huoshwa, huinuliwa na mkanda hadi kwenye kinu, husagwa yakawa uji wa rangi ya kahawia. Katika mashine za kizamani uji huo hufungwa kwenye vitambaa, tabaka juu ya tabaka, vibao vya mbao vikiwekwa kati, kisha mtambo hubana polepole. Juisi hutiririka pembeni pande zote nne. Kilo 100 za matufaha hutoa lita 60 hadi 70 hivi, kutegemea aina na mashine. Hupashwa moto hadi karibu nyuzi 80, hujazwa ingali moto kwenye chupa, au kwenye mfuko ulio ndani ya boksi lenye kibomba, na hapo hukaa zaidi ya mwaka bila kuongezwa kitu chochote. Makapi huenda kwa mifugo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba familia huondoka na juisi ya miti yake yenyewe. Si ya jirani, si mchanganyiko wa kijiji kizima. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alitueleza kwamba mitatu kati ya miti yake ilibebeshwa na babu yake, na kwamba mwaka uliotangulia hakupata hata gunia moja. Ndiyo tabia ya mitufaha hii: mwaka mmoja huzaa hadi matawi yategemezwe kwa nguzo, mwaka unaofuata hupumzika. Asiyetaka kungoja foleni hupeleka mzigo kwa mnunuzi, akapewa fedha, au akaandikiwa stahili ya kununua juisi kwa bei nafuu kulingana na kilo alizoleta.

Sehemu ya juisi haipashwi moto. Huachwa kwenye pipa, chini ya nyumba, ichachuke yenyewe. Waswabia, wenyeji wa huku, huiita Most, na kwa vizazi vingi ndicho kilichokuwa kinywaji cha mkulima wakati mvinyo ukienda kuuzwa. Mtu aliyekunywa ulanzi wa mianzi Iringa ataelewa mara moja: ulanzi mtogwa wa asubuhi ni mtamu na mtoto anaweza kuonjeshwa, lakini uache siku kadhaa uwe mkangafu, na huo ni wa watu wazima. Most hufika kwenye asilimia tano au sita ya kileo, haina tone la utamu lililobaki, na ina ukali wa wazi ambao kwa maoni yangu unahitaji mkate na jibini. Peke yake inachosha.

Mvinyo wa huku huuzwa vizuri zaidi nyumbani kwa mkulima. Ukiona ufagio umetundikwa juu ya mlango, ingia. Sheria inamruhusu mkulima wa mizabibu kufungua sehemu ya nyumba yake, au ghala lake, au banda, kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka, akalishe watu wasiozidi 40, auze mvinyo wake mwenyewe pamoja na chakula rahisi, bila leseni ya baa. Huku Württemberg pahali hapo huitwa Besen. Kwenye Mosel na Rhein husemwa Straußwirtschaft. Unakaa benchi moja na watu usiowajua, na baada ya robo saa wanajua umetoka wapi. Mvinyo huja kwenye glasi ya robo lita yenye mkono kama kikombe. Mara nyingi ni Trollinger, mwekundu mwepesi mno, wa rangi ya maji ya rosela, na wenyeji wanaupenda kwa mapenzi ambayo sikuweza kuyafikia. Lemberger ni jambo jingine: mweusi, wenye ladha ya pilipili manga na zambarau, na huo ningeununua popote.

Mezani hapo juisi ya mwenzangu ililetwa kwa heshima ileile. Aliulizwa kama anaitaka tupu au na maji ya gesi, na mwenye nyumba akamweleza ilikamuliwa lini na miti iko upande gani wa kijiji. Keki ya vitunguu, chakula cha msimu huo, mara nyingi huwa na vipande vya nguruwe. Mwenzangu aliuliza mapema, akaokewa isiyo navyo.

Kutoka Neuffen hadi Mosel nchi inabadilika. Treni ya Koblenz kwenda Trier hufuata mto unaojipinda hata usijue unaelekea wapi. Tulishuka Ediger-Eller tukatembea kuelekea Bremm, chini ya mteremko uitwao Calmont, shamba la mizabibu lenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya: penye ukali zaidi hupita digrii 60. Njia ya wapanda milima inayokatisha hapo ina ngazi za chuma na kamba. Mkulima hapandi na trekta. Hupanda kwa miguu, au kwa kigari kinachokwenda juu ya reli moja yenye meno, na karibu kila kazi, kuanzia kupogolea hadi kuvuna, ni ya mikono. Udongo kwa macho yangu haupo. Kuna vipande vya mwamba wa sleti tu, vyeusi vyeusi, vinavyokunywa jua mchana na kulitoa usiku. Mzabibu aina ya Riesling hufungwa kwenye mti mmoja uliosimama, matawi yake yakikunjwa mithili ya moyo.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Kwa sababu hapa ni latitudo ya 50 kaskazini, na bila mteremko unaolikabili jua, bila mawe na bila mto unaorudisha mwanga, Riesling isingeiva. Warumi walilijua hilo. Kwenye Makumbusho ya Trier kuna jiwe la kaburi lililochongwa kama meli ya wapiga makasia iliyosheheni mapipa ya mvinyo, la karne ya tatu, lililopatikana Neumagen mwaka 1878. Huko Piesport, mwaka 1985, mashine zilipokuwa zinapanga upya mashamba zilifukua mtambo wa Kirumi wa kukamulia zabibu, wa karne ya nne, miguuni mwa mizabibu ambayo bado inavunwa.

Mvinyo wenyewe, hasa ule uitwao Kabinett, ni mwepesi: asilimia nane au tisa ya kileo, utamu kidogo, uchachu mkali unaousafisha utamu huo mara tu unapomeza. Una harufu ya pichi na ya jiwe lililonyeshewa. Nimekunywa mvinyo wa bei kubwa zaidi katika miji mikubwa usionipa nusu ya furaha hiyo. Na kwa mwenzangu wakulima wa Mosel hukamua juisi ya zabibu, wengine wakiiweka chupani kwa aina yake. Aliionja ya Riesling, akasema ni nzuri lakini tamu mno, akarudi kwenye tufaha. Nilimwunga mkono. Zabibu bila kuchachuka imekatishwa njiani; tufaha linafika salama bila kuchachuka.

Trier nako wana kinywaji chao cha tufaha kilichochachuka, Viez, kinachotolewa kwenye kikombe cheupe cha kauri. Ni kikali kuliko Most ya Uswabia. Frankfurt ndiko penye sifa zaidi, na mtungi wa kijivu wenye maua ya buluu, Bembel, umekuwa nembo ya mji. Lakini wilaya ya Sachsenhausen siku za mwisho wa juma imejaa watalii, nami nilipenda zaidi nyumba ndogo za nje ya mji, ambako glasi yenye mikato hujazwa bila kuulizwa mara ya pili.

Sasa jambo linaloniuma. Chupa ya Mosel hutaja kijiji na mteremko: Bremmer Calmont, Wehlener Sonnenuhr, Piesporter Goldtröpfchen. Sheria ya mvinyo ya mwaka 1971 iliamua nani aandike nini. Sheria hiyo ilikuwa na kasoro zake: Piesporter Michelsberg, kwa mfano, ni jina la eneo pana linalojumuisha mashamba ya mbali na miteremko mizuri ya Piesport, na mnunuzi asiyejua huvutwa na jina la kijiji. Hata hivyo jina lipo, na bei hufuata jina. Tufaha halina kitu kama hicho. Boksi la juisi dukani linaweza kuwa limetengenezwa kwa juisi nzito iliyosafiri kutoka Poland au China, ikaongezwa maji. Kanuni za Umoja wa Ulaya hulazimisha tu iandikwe kwamba imetokana na juisi iliyokolezwa, kwa herufi ambazo wachache huzisoma.

Matokeo yake yapo kwenye miti. Kuanzia miaka ya 1950 sera ya kilimo ilitaka miti mifupi ya biashara, na wakulima walilipwa fedha za umma ili waikate ile mirefu. Iliyobaki inahitaji kupogolewa na watu wanaojua, kazi ya ngazi na msumeno wakati wa baridi, na mmea wa kimelea unaosambazwa na ndege unaifunika ile isiyopogolewa mpaka inakufa. Katika mwaka wa mavuno mengi kiwanda kinaweza kulipa chini ya euro 10 kwa kilo 100 za matufaha. Fikiria kuinama siku nzima kwa fedha hiyo. Si ajabu kwamba nimeyaona yakioza majanini nje ya vijiji vinavyouza juisi iliyosafirishwa. Vyama vya wenyeji vimeanza kumlipa mwenye miti bei ya juu kuliko ya soko, wakati mwingine mara mbili, naye huahidi kutopulizia dawa na kupanda mti mpya pale wa zamani unapoanguka. Nyongeza hiyo hutoka kwa mnywaji, kwenye bei ya chupa. Sijui njia nyingine iliyo bora, na kila nilipoiona chupa ya namna hiyo niliinunua bila kuuliza punguzo.

Hata mteremko hauko salama. Kati ya mizabibu ya Mosel kuna viraka vilivyomezwa na vichaka, kazi ikiwa ngumu mno na warithi wamehamia mjini. Aprili 2024 baridi kali ya kuchelewa iliunguza machipukizi na maua sehemu nyingi za Ujerumani, zabibu na matufaha kwa pamoja.

"Na Dodoma?" mwenzangu aliuliza tukiwa kwenye kivuko. Swali lilikuwa la haki. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bremm alilisikiliza akiwa amekunja uso kwa mshangao. Kwake majira ya baridi ndiyo humlaza mzabibu na kuuamsha. Hombolo na Bihawana mkulima mwenyewe huuamsha kwa mkasi wa kupogolea. Tuna jua ambalo Mosel inalitafuta kwa kupanda majabali. Lakini mkulima mdogo wa Hombolo hupeleka zabibu zake kiwandani kwa kilo, na zikishaingia tangini hazina tena mwenyewe. Hapo anafanana na mwenye mitufaha wa Neuffen zaidi kuliko na mwenye mizabibu wa Bremm. Ningependa sana kuona ufagio, au chochote tutakachokichagua, kikitundikwa mlangoni mwa mkulima mmoja pale Hombolo, na watu 40 wakikaa uani kwake.

Kwa atakayekwenda: maua ya mitufaha ni mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kukamua ni Septemba hadi mwanzo wa Novemba, na matufaha ya mwisho, kama Bohnapfel, huleta juisi kali kuliko zote. Msimu huohuo huuzwa Federweißer, mvinyo mchanga unaoendelea kuchachuka. Kizibo chake hakifungwi kabisa ili hewa itoke, kwa hiyo chupa isilazwe kwenye mfuko wa safari. Kwenye lebo ya juisi tafuta neno Direktsaft, yaani juisi isiyotokana na iliyokolezwa, na zuri zaidi likiwa pamoja na Streuobst. Juisi yenye ukungu, naturtrüb, ina ladha zaidi ya ile iliyochujwa. Jumapili maduka hufungwa, lakini kando ya barabara za vijiji utakuta kibanda kisicho na mtu, juisi mezani na kisanduku cha fedha. Chupa tupu irudishwe, ina dhamana yake. Na wilayani Esslingen, na sasa sehemu nyingine nyingi, ukiona mtufaha umefungwa utepe wa njano shinani, mwenyewe ameruhusu mpita njia yeyote achume kwa matumizi ya nyumbani. Mti usio na utepe, hata kama matufaha yake yamelala barabarani, una mwenyewe. Bisha hodi kwanza.